Rangi Chini ya Bolti

Jumatano, tarehe kumi na mbili Juni, saa nne asubuhi, nilikuwa nimelala chali juu ya gunia, chini ya gari la wagonjwa lililokwisha kuondolewa kwenye orodha ya magari yetu, nikifungua waya ambao Fundi Stela aliuhitaji kwa gari jingine. Zilikuwa zimenibakia siku nane za kazi. Bolti ilikuwa imeshika kutu. Nikaitia mafuta, nikasubiri, nikaizungusha. Ilipotoka na waya ukaniangukia kifuani, nikaona kwamba pale ulipokuwa umefungwa palikuwa na duara la rangi nyeusi, safi, inayong'aa kana kwamba imepakwa jana. Nilibaki chini ya gari muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Stela akainama, akaniuliza, "Mama, umepatwa na kizunguzungu?" Nikamjibu kwamba mimi ni mzima. Sikuwa mzima.

Kwa msomaji asiye fundi, nieleze kidogo. Umeme wa betri hutoka kwa waya mmoja, na hurudi kwa kupitia chuma cha gari lenyewe. Lakini injini imekaa juu ya mipira, haigusani vizuri na chesisi, yaani fremu ya gari. Kwa hiyo hufungwa waya mnene wa kuviunganisha viwili hivyo, nao mafundi huuita waya wa erthi. Mahali unapofungwa lazima pawe chuma kitupu, kilichosuguliwa kwa msasa hadi kikawa cheupe. Rangi huzuia umeme. Jambo hili hufundishwa mwaka wa kwanza, na mwanafunzi anayelikosea hurudishwa nyuma ya darasa.

Rangi ile ilipakwa kwa amri yangu. Waya ule niliufunga kwa mikono yangu. Na miaka sita iliyopita, gari lile lilipokataa kuwaka alfajiri moja na mama mmoja akafa, niliandika taarifa iliyosema kosa ni la dereva. Dereva huyo, Yohana, alifukuzwa kazi.

Stela na wenzake walikuwa wameniomba niwaachie maandishi machache kuhusu kazi yetu kabla sijastaafu. Nilikuwa nimeshaandika kurasa kadhaa za aina inayosomwa kwenye hafla. Baada ya Jumatano ile nilizichana, nikaanza upya. Vyeo nilivyopata sitavitaja. Havikunisaidia kuliona duara lile.

Nilifika karakana nikiwa na miaka ishirini na mitano, na stashahada ya ufundi magari niliyoibeba ndani ya bahasha ngumu isije ikakunjwa. Karakana yetu ipo upande wa Ihumwa, hapa Dodoma, si mbali na reli, na ilihudumia magari ya vituo vya afya vilivyotawanyika katika uwanda huu wa kati. Siku ya kwanza upepo ulivuma toka asubuhi hadi jioni, vumbi jekundu likaingia hadi ndani ya soli za viatu. Choo cha wanawake hakikuwapo, kwa sababu mwanamke hakuwapo. Nilipewa ufunguo wa choo cha wageni, na kwa miaka mitatu kila mgeni aliyebanwa alilazimika kuja kuniomba mimi. Ni heshima ya pekee ambayo sikuwahi kuiandika kwenye wasifu wangu.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Mzee Ndahani, Mgogo wa maneno machache, mwenye vidole vinene vilivyoweza kufungua nati ambayo spana imeshindwa. Aliisoma stashahada yangu yote, mbele na nyuma, hata mhuri, kisha akanirudishia.

"Chuo kimekufundisha gari linavyowaka," alisema. "Sawa. Hapa utajifunza linavyokataa."

Akanipa kifaa changu cha kwanza: balbu ya taa ya nyuma iliyounganishwa nyaya mbili, mmoja ukiishia kwenye msumari. Mita za kisasa zilikuja baadaye na zinafanya kazi nzuri, lakini balbu ile ninayo hadi leo. Mita hukuambia kuna umeme kiasi gani. Balbu hukuonyesha kama umeme huo una nguvu ya kufanya kazi, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Gari linalokataa kuwaka, alinifundisha, hukataa kwa namna mbili. Kuna linalozunguka lisishike: starta, ile mota ya kuizungusha injini, inapiga, injini inahangaika, lakini moto haushiki. Hapo tafuta mafuta, tafuta hewa. Na kuna lisilozunguka kabisa: unageuza ufunguo, unasikia "tik" moja, basi. Hapo tafuta umeme: betri, vichwa vya betri, starta, na nyaya za kwenda na za kurudi. "Watu wote huzikumbuka za kwenda," alikuwa akisema. "Za kurudi huzikumbuki mpaka zikufedheheshe."

Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na chai. Katika karakana yetu ilikuwa desturi, na nadhani haipo kwingine, kwamba dereva akileta gari bovu hupewa kigoda na kikombe cha chai, na fundi hukaa mbele yake bila spana mkononi. Boneti haifunguliwi mpaka dereva amalize kikombe. Wakati wa kunywa, anaeleza: alifanya nini kwanza, alisikia nini, taa zilikuwaje, gari lililala wapi. Fundi haruhusiwi kumkatiza. Tuliiita chai ya dereva.

"Ukifungua boneti kwanza," alisema Mzee Ndahani, "utaisikiliza injini, mtu hutamsikia tena. Na mtu ndiye aliyekuwepo."

Nilidhani ni mbinu ya wazee ya kupumzika. Kisha akaja dereva mmoja aliyeapa kwamba gari lake hukataa kuwaka siku anayompakia mkaguzi wa ndani tu. Akimpakia mwingine yeyote linawaka. Karakana nzima ilicheka.

"Hata gari linaogopa kukaguliwa," fundi mmoja alimtania. "Lina mambo liliyoyaficha."

Mzee Ndahani hakucheka. Alimjazia kikombe cha pili, akamuuliza mkaguzi hukaa upande gani na huweka nini miguuni. Dereva akafikiri, akasema huweka mkoba mzito, na huusukuma mbele kwa visigino ili apate nafasi. Tulipotazama chini ya dashibodi upande ule, tulikuta soketi iliyolegea. Mkoba ulipoisukuma, umeme wa starta ulikatika. Mzee akaikaza, akanitazama, akaniambia neno moja: "Chai." Nililikumbuka somo lile kwa zaidi ya miaka ishirini, isipokuwa siku moja.

Mzee Ndahani alistaafu, nami nikaachiwa karakana. Dodoma nayo ikabadilika. Ofisi za serikali zilihamia, barabara zikapanuka, viwanja vya Nzuguni vilivyokuwa mashamba ya mtama vikaota mabati ya rangi, na katika kimojawapo nikajenga mimi. Pamoja na ofisi walikuja wageni. Zamani mgeni mkubwa alifika karakana mara moja kwa miaka kadhaa. Sasa walikuja kwa msafara, na kila msafara ulitanguliwa na simu: pakeni rangi. Tulipaka mawe ya njiani chokaa. Tulipaka mapipa. Tukaanza kupaka na magari kwa chini, chesisi na vyuma vya ndani ya boneti, kwa sababu mgeni mmoja aliwahi kuinama akaona kutu, akaisema kwenye hotuba. Rangi nyeusi iliyopulizwa kwenye injini kuukuu huifanya ionekane mpya kwenye picha. Injini yenyewe haijui kuwa imepigwa picha.

Hivyo ndivyo gari la Yohana lilivyopakwa. Lilikuwa gari la wagonjwa la kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja, mwendo wa saa mbili kutoka mjini. Lilikuwa limeletwa kubadilishwa klachi. Tulishusha giaboksi, tukafungua waya wa erthi, na kabla hatujarudisha vyote tukapata taarifa kwamba wageni watafika saa nane mchana. Niliamuru lipulizwe rangi likiwa limefunguliwa, kwa kuwa ni rahisi zaidi. Kisha nikafunga mwenyewe, kwa haraka, rangi ikiwa bado inanata vidoleni. Msasa ulikuwa mfukoni mwa ovaroli yangu. Nakumbuka kuuhisi pajani nilipoinama.

Yohana alifuata gari lake kesho yake. Alikuwa amenizidi miaka miwili au mitatu, mtu mwembamba, mzaliwa wa upande wa Hombolo, ambaye hupangusa viatu kabla ya kuingia garini kana kwamba anaingia nyumbani kwa mkwe. Alizunguka gari, akafungua boneti, akatikisa kichwa.

"Fundi, mmempaka mtu wangu wanja. Anakwenda harusini?"

"Anakwenda kukaguliwa, Kaka Yohana."

"Haya. Ila asije akaniringia njiani."

Tukacheka wote wawili. Gari likawaka mara moja, naye akaondoka. Waya uliofungwa juu ya rangi unaweza kufanya kazi kwa siku, hata kwa majuma, kwa sababu meno ya bolti hugusa chuma kidogo. Kisha gari hutikisika, vumbi huingia, na mguso ule mdogo hupotea, hurudi, hupotea tena.

Ulipotea baada ya wiki tatu. Simu ilinipata asubuhi: gari la kituo limekataa kuwaka alfajiri, kulikuwa na mama mwenye uchungu anayevuja damu, amepakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe kupelekwa barabara kuu, hakufika. Mtoto naye hakuzaliwa hai. Nilichukua pikapu ya karakana na nyaya za kushtulia betri, nikafika karibu adhuhuri.

Uwanja wa kituo ulikuwa mchanga mtupu. Nyuma ya gari kulikuwa na mifereji miwili mifupi, magurudumu yalipozama watu wanne walipojaribu kulisukuma. Yohana alikuwa amesimama kando ya mlango wa dereva, shati limelowa jasho lililokwisha kukauka. Aliponiona hakunisalimu, alianza kusema moja kwa moja, kama mtu aliyekuwa akisema peke yake tangu asubuhi.

"Fundi, taa nilizima nilipoliegesha jana. Nilizima. Alfajiri nikageuza ufunguo, tik. Nikasema labda betri, nikawasha taa nione kama moto upo. Zikawaka nyeupe, kali kabisa. Nikageuza tena, tik. Tukasukuma, likazama. Wakaleta mkokoteni, na pale getini kuna korongo, nikawaachia taa zikiwaka waone njia. Nikaenda nao kwa miguu."

Nataka wanaonifuata katika kazi hii wayasome maneno hayo tena, kwa sababu yote yamo. Betri iliyokufa haiwezi kutoa taa nyeupe, kali. Taa zikiwa kali na starta ikasema "tik", betri ina nguvu, na ugonjwa upo njiani. Taa zimefungwa kwenye bodi, yaani kwenye chuma cha gari lenyewe. Starta imefungwa kwenye injini. Kama bodi inapata umeme wake na injini haipati, tazama waya unaoviunganisha. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angeweza kulisema bila kushika spana. Yohana alinipa jibu zima ndani ya nusu dakika.

Sikumsikiliza. Hapakuwa na kigoda wala chai. Nyuma ya jengo wanawake walikuwa wakilia, na watu wa kijiji walikuwa wamesimama ukutani wakinitazama mikono. Nikafungua boneti kwanza. Nikaweka mita kwenye betri: imeisha. Nikatazama swichi ya taa: imewashwa. Nikaunganisha nyaya za kushtulia kama inavyotakiwa, chanya kwa chanya, na ule wa mwisho nikaubana kwenye chuma cha injini, mbali na betri, kwa usalama. Ndivyo vitabu vinavyofundisha, na ndivyo ilivyo sahihi. Lakini kwa kuubana pale niliupa umeme njia nyingine ya kurudi, nikauruka waya wangu mwenyewe uliolala juu ya rangi. Nikageuza ufunguo. Injini ikawaka papo hapo.

Mwanamume mmoja aliyekuwa amekaa chini kivulini akasimama. Alikuwa Daudi, mume wa marehemu. Alilisogelea gari linalonguruma, akaliangalia kwa muda, kisha akaniangalia mimi.

"Kumbe lilikuwa linataka hivyo tu?" aliuliza.

Hakumuuliza Yohana. Hakumtazama hata kidogo. Lakini wote waliokuwa pale ukutani walimtazama.

Katika kikao cha ofisini, mwenyekiti aliniuliza swali fupi: "Fundi, ni gari au ni mtu?" Nilijibu kwamba ni mtu. Sikusema uongo kwa kukusudia. Ningependa kulisema hilo, ingawa sijui linamsaidia nani. Nilikuwa na vipimo, nilikuwa na swichi, na nilikuwa na jibu ambalo halikuigusa karakana yangu. Jibu la namna hiyo huonekana la kitaalamu sana. Katika fomu niliandika: betri iliisha kwa uzembe wa dereva. Taa zilikutwa zikiwaka. Na chini yake, kwa mwandiko mzuri: dereva anadai kuwa alizima taa alipoegesha gari. Kuhusu taa kuwa kali na nyeupe sikuandika chochote.

Jumapili moja nilimtembelea Mzee Ndahani, aliyekuwa mgonjwa tayari, nikamsimulia. Alisikiliza hadi mwisho.

"Chai alimaliza?" aliuliza.

"Mzee, palikuwa na msiba. Chai ingetoka wapi?"

Nilipoaga nilimpa shikamoo ya kuondokea, akaitika, lakini hakunisindikiza hadi mlangoni kama kawaida yake. Alifariki kabla ya mvua za mwaka ule.

Gari liliendelea na kazi miaka mingine minne chini ya madereva wengine, na liliendelea kukataa. Si kila siku. Tulilibadilishia betri, kisha starta, kisha betri tena, kisha starta tena. Kila fomu ina sahihi yangu. Nimeyapanga makaratasi hayo mezani kwa mfuatano, na yakisomwa pamoja yanapiga kelele. Lakini karakana husoma karatasi moja moja. Madereva, ambao ni watu wenye akili kuliko taarifa zetu, waliacha kulalamika. Waliliegesha mlimani tu, pua ikitazama chini, wakawa wanalisukuma kwa kuliachia breki. Mmoja aliwahi kuniambia kwa utani, "Fundi, gari lako hili ni kama mzee wa ukoo. Haliamki mpaka liinamishwe." Nilicheka. Yohana alikuwa ameshaniambia jambo hilo hilo bila utani.

Sasa narudi Jumatano ya tarehe kumi na mbili. Nilipotoka chini ya gari nilimwomba Stela alete betri nzima. Hakuuliza kwa nini. Tukafunga waya ule ule, juu ya rangi ile ile, kwa bolti ile ile. Nikawasha taa. Zilitoa mwanga mweupe, mkali, hata mchana ule ulionekana ukutani. Nikageuza ufunguo.

Tik.

Nikageuza tena. Tik. Nikashuka, nikafungua bolti, nikalisugua duara kwa msasa hadi chuma kikawa cheupe, nikafunga. Nikageuza ufunguo, na starta ikaizungusha injini ile iliyolala zaidi ya mwaka mzima, ikazunguka kwa nguvu, vumbi likiruka kwenye mikanda.

Stela ni hodari kuliko nilivyokuwa katika umri wake. Akaniuliza, "Mama, hili limeandikwa wapi?"

"Halijaandikwa."

Meneja wetu wa sasa ni kijana msomi, mwenye adabu. Nilimweleza siku ile ile. Aliinuka akafunga mlango wa ofisi.

"Mama," alisema, "gari limeshafutwa. Faili limefungwa. Wewe wiki ijayo unaagwa, keki imeshaagizwa ina jina lako juu. Hili utalifukua kwa faida ya nani?"

"Yohana yupo hai."

"Atarudi kazini? Umri wake umepita."

"Hatarudi."

"Sasa?"

Nikamwambia nitamletea maandishi. Keki niliila. Ilikuwa nzuri, na watu walisema maneno mazuri. Mmoja wao alisifu uangalifu wangu.

Wiki ya kwanza ya Julai, nikiwa sina tena kazi, nilikwenda Hombolo. Yohana nilimkuta shambani kwake akifunga matawi ya mizabibu kwenye nguzo kwa vipande vya mpira wa tairi. Amezeeka usoni, mikono bado ni ile. Aliniona kwa mbali, akaendelea kufunga hadi nilipofika.

"Mbukwenyi," alisema, kwa salamu ya kwao. Kisha kwa Kiswahili: "Karibu, Fundi. Umepotea njia?"

"Sijapotea, Kaka Yohana. Nimekufuata wewe."

Aliniletea kigoda. Mke wake alileta chai, kikombe kimoja, wakanipa mimi. Nilikiangalia kikombe kile, nikakisogeza upande wake. Nadhani alielewa, kwa sababu alikichukua, akanywa taratibu. Alipomaliza nilimweleza: rangi, msasa, waya, nyaya za kushtulia, tulichokifanya na Stela. Sikuongeza kitu cha kujitetea. Nilikuwa nimejizuia njia nzima.

Kuku walipita kati yetu.

"Unajua, Fundi," alisema mwishowe, "mwaka wa kwanza nilijua kabisa kuwa nilizima. Nilikuwa nauona mkono wangu kwenye swichi. Mwaka wa pili nikaanza kujiuliza. Watu hapa hawanitukani. Ila nikipita kwa akina Daudi, wananyamaza. Mtu akinyamaziwa sana, anaanza kuwasadiki. Siku hizi mtu akiniuliza nasema sikuzima. Hata kanisani nilitubu hivyo. Nilisimama nikatubu mbele ya watu kwamba niliacha taa."

Mke wake, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaingia ndani.

"Ulizima," nikamwambia.

"Wewe ndiye unayesema sasa. Mimi siuoni tena mkono ule."

Nilimwambia nitakwenda kwa Daudi siku hiyo hiyo. Alikataa kwa kidole.

"Usiende na maneno. Daudi maneno ameshasikia ya kutosha, na mengi ni yako. Andika. Mimi nilifukuzwa kwa karatasi, haikuwa kwa mdomo. Andika karatasi, yenye sahihi kama ile. Binti yake mkubwa yupo sekondari, atamsomea."

Sikumwomba msamaha kwa maneno marefu, na yeye hakunipa. Alinisindikiza hadi barabarani. Pale aliinama, akapangusa vumbi kwenye viatu vyake kwa kiganja, ingawa hakukuwa na gari la kuingia.

Barua niliyoituma ni hii.

Nzuguni, Dodoma
15 Julai

Meneja wa Karakana

Nakala: Ndugu Yohana, aliyekuwa dereva
Nakala: Ndugu Daudi, mume wa marehemu

YAH: MAREKEBISHO YA TAARIFA YANGU KUHUSU GARI LA WAGONJWA LILILOSHINDWA KUWAKA

Tafadhali rejea taarifa niliyoiandika na kuitia sahihi miaka sita iliyopita. Mimi niliyeiandika nathibitisha kuwa si sahihi, na naomba barua hii iwekwe kwenye faili hilo, juu ya taarifa hiyo na si nyuma yake.

Penye chanzo cha hitilafu, maneno "betri iliisha kwa uzembe wa dereva" yafutwe. Isomeke: waya wa erthi wa injini ulifungwa juu ya rangi mbichi bila kusuguliwa. Aliyeamuru rangi na aliyefunga waya ni mimi. Jaribio la kuthibitisha hili nililifanya tarehe 12 Juni, mbele ya Fundi Stela, ambaye ametia sahihi ukurasa wa pili.

Maneno "taa zilikutwa zikiwaka" yabaki, kwa kuwa ni kweli. Yaongezwe haya: dereva aliziwasha baada ya gari kukataa, akaziona zikiwa kali, akanieleza hivyo, nami sikuandika. Aliziacha zikiwaka ili waliombeba mgonjwa waone korongo.

Siwezi kuthibitisha kwamba mama yule angepona. Ninaloweza kuthibitisha ni kwamba gari lingewaka.

Mwisho, katika mstari usemao "dereva anadai kuwa alizima taa alipoegesha gari", naomba maneno "anadai kuwa" yafutwe kwa mstari wa kalamu, yasifunikwe kwa rangi, ili atakayesoma aone kwamba yaliwahi kuwepo. Mstari huo, kuanzia leo, usomeke hivi:

Dereva alizima taa alipoegesha gari.